NUTA Jazz: Miaka ya Mwanzo ya Bendi ya Wafanyakazi, 1964–1978

Utangulizi

Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge akiwa Rais. Katika hotuba hiyo alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza masikitiko yake kuhusu elimu ya kikoloni. Alisema kwamba wasomi wetu walifundishwa kucheza rumba, chacha, twist na hata rock 'n' roll, ilhali ni wachache waliopata kucheza, au hata kusikia, gombesugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lelemama. Aliuliza pia ni wangapi miongoni mwa wale waliojua kupiga gita na piano walioweza kupiga ngoma za babu zao.

Miaka miwili haikupita tangu hotuba hiyo itolewe, chama cha wafanyakazi kilichoundwa kwa sheria ya nchi kikaanzisha bendi ya magita. Bendi hiyo ilikuja kupendwa kuliko karibu bendi zote za zama zake. Nayo ilipiga rumba. Jina lake ni NUTA Jazz.

Je, jambo hilo lilikuwa mgongano wa fikra? Au palikuwa na kitu katika muziki wa dansi wa Kariakoo na Ilala ambacho hotuba ya mwaka 1962 haikukitazama kwa karibu? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuifuata historia ya bendi hiyo katika miaka yake ya mwanzo. Swali lenyewe si dogo. Katika mashule yetu mwalimu wa historia aghalabu hufundisha vita vya Majimaji, kuundwa kwa TANU na Azimio la Arusha, lakini huyapita kimya yale ambayo wananchi haohao waliyaimba na kuyacheza jioni walipotoka kazini. Historia ya namna hiyo ni nusu ya historia.

Mahali na Watu Wake

Kwanza hatuna budi kupafahamu mahali penyewe. Wajerumani waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa misingi ya rangi, na Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo. Ufukoni waliishi Wazungu. Katikati palikuwa na maduka na nyumba za Wahindi. Na upande wa magharibi, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, waliishi Waafrika. Uwanja ule uliachwa wazi kwa makusudi, ili uwe mpaka baina ya jamii na jamii.

Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya dhiki. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, waliweka mahali hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wapagazi hao walibeba vyakula na risasi za majeshi ya kigeni katika vita visivyowahusu, na maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Wananchi walilitamka jina la kikosi kwa ndimi zao, na jina likabaki baada ya kambi kuondoka. Ilala ilipanuka baadaye, hasa katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipojenga huko nyumba za wafanyakazi Waafrika waliozidi kumiminika mjini.

Wafanyakazi hao walitoka pande zote. Walikuwapo Wazaramo, wenyeji wa eneo hilo. Wamatumbi na watu wa Kilwa na Rufiji kutoka kusini. Wanyamwezi na Wasukuma kutoka bara. Waluguru, Wapogoro, Wamanyema na wengine wengi. Mchana walikuwa makuli bandarini, makarani, wapishi, mafundi na wachuuzi. Usiku walirudi katika nyumba za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma. Wapangaji wa makabila matano waliweza kuishi chini ya paa moja, wakitumia kisima kimoja na lugha moja. Ndani ya nyumba hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuomba moto wa jirani na ya kulea watoto. Kwa hiyo, muziki ambao ungewafaa wakazi hawa wote ulipasa kuimbwa kwa Kiswahili na kuchezwa na mtu yeyote, awe ametoka Nzega au Kisarawe.

Kutoka Beni Hadi Dansi

Muziki wa dansi haukushuka kutoka mbinguni, wala haukuletwa mzimamzima na wageni. Kabla yake palikuwa na beni. Hii ni ngoma iliyoanza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi Tanga, Dar es Salaam na bara. Wachezaji waliiga gwaride la kijeshi na matarumbeta yake, wakajipa vyeo vya kizungu, wakavaa sare. Mashindano makubwa yalikuwa baina ya makundi mawili, Marini na Arinoti. Mtazamaji mgeni aliyaona kuwa uigaji wa kitoto. Lakini ndani ya makundi hayo watu walijifunza kuchagua viongozi, kukusanya michango, kuzikana, na kuwadhihaki watawala kwa mafumbo.

Katika miaka ya 1930 dansi ilianza kuchukua nafasi ya beni mijini. Tofauti kubwa ilikuwa katika namna ya kucheza: badala ya kwenda mistari kama askari, watu walicheza wawiliwawili ndani ya ukumbi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa katika miaka hiyo, nayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa bendi kongwe kabisa za nchi hii. Mwanzoni ala za kupulizwa na ngoma ndizo zilizotawala. Magita yalishika usukani baadaye.

Neno jazi lisimpotoshe msomaji. Muziki huu haukuwa jazi ya Wamarekani Weusi, ingawa jina limetoka huko. Kwa watu wa Dar es Salaam neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa ya dansi. Mwalimu mkuu wa wanamuziki wetu alikuwa Cuba. Santuri za Kikyuba zilizotolewa kwa alama ya GV zilianza kuingia Afrika katika miaka ya 1930, na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili walizidisha mapenzi ya muziki wa nje. Vijana walizisikiliza santuri hizo wasifahamu neno hata moja la Kihispania, lakini mapigo yake hayakuwa mageni masikioni mwao. Hili si jambo la ajabu. Mapigo ya rumba yalikwenda Cuba pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani. Yaliporudi, yalirudi kama mtoto aliyepotea akakulia ugenini: amevaa nguo ngeni, lakini sura ni ya nyumbani.

Vilabu vya Jazi

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Kariakoo ilikuwa na vilabu kadhaa vya jazi, na majina yake yatosha kueleza habari zake. Kilwa Jazz Band iliongozwa na Ahmed Kipande. Western Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilikuwa na asili yake katika watu wa Jimbo la Magharibi, yaani Tabora na pande zake. Palikuwa pia na Rufiji Jazz na Ulanga Jazz. Mgeni kutoka mikoani alipofika mjini hali hajui pa kuanzia, klabu ya watu wa kwao ilimpokea, ikampa jamaa na mahali pa kupeleka shida zake.

Vyombo vilikuwa mali ya klabu; wanachama walichanga ada kuvinunua. Wapigaji walikuwa na kazi nyingine za kuwapatia riziki, na malipo ya dansi yalikuwa kidogo au hayakuwapo kabisa. Jumamosi usiku watu walijaa katika kumbi, na ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ulikuwa mmoja wa iliyojulikana sana. Mashabiki waligawanyika kama walivyogawanyika zamani baina ya Marini na Arinoti, na kama walivyogawanyika katika mpira baina ya Young Africans na Sunderland, ambayo tangu mwaka 1971 imeitwa Simba.

Vilabu hivi na harakati za Uhuru vilikuwa majirani wa mlango kwa mlango. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa wa New Street, ambao sasa waitwa Lumumba, hatua chache kutoka katika kumbi za dansi. Ally Sykes, mmoja wa waasisi wake, alikuwa mwanamuziki wa dansi. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza akina mama kwa maelfu katika chama, alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma kabla ya kuwa mwanasiasa, na aliwapata wanachama wake wa kwanza kupitia makundi ya ngoma za wanawake. Walioujenga umoja wa taifa hawakuanza na uwanja mtupu. Walikuta watu wamekwisha kuzoea kukutana, kuchanga na kuimba pamoja.

Hata hivyo yafaa tukiri upungufu mmoja. Ingawa wanawake walizijaza kumbi, na ingawa walikuwa mabingwa wa lelemama na taarabu, jukwaa la jazi lilibaki mikononi mwa wanaume. Walioimbwa walikuwa wanawake. Walioimba walikuwa wanaume. Wanafunzi watakaotafiti zaidi habari hizi wasilisahau jambo hilo.

Kuzaliwa kwa NUTA Jazz

Mwaka 1964 ulianza kwa misukosuko. Tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito, ambayo baadaye iliitwa Lugalo, waliasi. Uasi ulipozimwa, baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, na Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika lililoundwa mwaka 1955 likavunjwa. Mahali pake, kwa sheria ya Bunge, pakaundwa chama kimoja tu cha wafanyakazi wote, NUTA, kilichofungamana na TANU. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Watu walitofautiana kuhusu hatua hiyo. Serikali iliona kwamba nchi changa haiwezi kuvumilia mivutano ya migomo. Baadhi ya wafanyakazi waliona kwamba wamenyang'anywa fimbo yao.

Chama kipya cha namna hiyo kilihitaji kupendwa na wanachama wake, kwani sheria yaweza kumfanya mtu awe mwanachama lakini haiwezi kumfanya apende. Kilihitaji sauti ya kuwafikia watu ambao hawakusoma magazeti wala kuhudhuria mikutano. Mwaka huohuo wa 1964 bendi ikaundwa.

Wanamuziki wake hawakutoka katika vyuo. Walitoka katika vilabu vilevile tulivyovitaja, nao walikuja na ujuzi wao wote. Miongoni mwao alikuwamo Muhiddin Maalim Gurumo, kijana wa Kizaramo aliyezaliwa mwaka 1940 katika wilaya ya Kisarawe, ambaye kabla ya hapo alipitia bendi za mjini, Rufiji Jazz ikiwa mojawapo. Sauti yake nzito na ya utulivu ilikuja kuwa alama ya bendi. Baadaye alijulikana pia Joseph Lusungu, mpiga tarumbeta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliingia Hassani Rehani Bichuka, mwimbaji mwenye sauti ya juu inayopenya, na Saidi Mabera, mpiga gita ambaye alidumu na bendi kwa miongo mingi.

Jambo lililoitenga NUTA Jazz na vilabu vya zamani lilikuwa ajira. Vyombo vilinunuliwa na chama, na wanamuziki walilipwa mshahara wa kila mwezi kama waajiriwa wengine. Hii ilikuwa miongoni mwa bendi za kwanza za raia nchini kuendeshwa hivyo. Tuyatafakari maana yake. Mpiga gita wa klabu alishika gita baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia au kushika kalamu ya karani. Mpiga gita wa NUTA aliamka asubuhi kwenda mazoezini, na mazoezi yalikuwa ndiyo kazi. Kwa mara ya kwanza mwanamuziki wa dansi aliweza kumwambia baba mkwe kwamba ana kazi, na neno hilo likaaminiwa.

Tena, fedha iliyonunua magita hayo ilikuwa michango iliyokatwa katika mishahara ya wafanyakazi. Kuli wa bandarini aliyesimama mbele ya jukwaa alikuwa na haki ya kusema, pasipo majivuno, kwamba waya mmoja wa gita lile ni wake.

Mfano huo uliigwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashirika ya umma na majeshi yaliunda bendi zao. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz chini ya Juma Mrisho, maarufu kwa jina la Ngulimba wa Ngulimba. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao hawakubaki nyuma. Vilabu vya kimaeneo vilififia polepole, kwa maana havikuweza kushindana na bendi zenye mishahara na vyombo vipya.

Msondo

Sasa turudi katika swali letu la mwanzo. Desturi ya bendi zetu ilikuwa kila moja kuwa na mtindo wake wenye jina. Western Jazz walikuwa na Saboso. NUTA Jazz walikuwa na Msondo.

Msondo ni ngoma ndefu ya watu wa Mrima, ipigwayo kwa kusimama, na sauti yake nzito husikika mbali. Ni ngoma ya unyago, inayoambatana na mafunzo ya wasichana wanapoingia utu uzima. Watu wa Kariakoo na Ilala walipolisikia jina hilo hawakuhitaji kuelezwa. Wengi wao walikuwa wamelala utotoni huku wakiisikia ngoma hiyo ikilia katika ua wa jirani.

Je, lilikuwa jina tu? Sikio lililo makini litakataa. Katika muziki huo magita husemezana: gita la solo huuliza, la pili hujibu, la ridhim hushikilia, na besi hutembea chini yao kwa mapigo ya ngoma kubwa. Tarumbeta na saksafoni huingia kwa pamoja kama kiitikio cha umati. Wimbo una sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, ya taratibu, mwimbaji hueleza kisa: ndoa iliyovunjwa na maneno ya majirani, ndugu aliyekwenda mjini akasahau wazazi, ulevi, deni, msiba. Kisha huja sehemu ya pili, ambayo wanamuziki waliiita chemko. Hapo maneno hupungua, kiitikio hurudiwa, mwendo huongezeka, na wachezaji hujiachia. Ni utaratibu uleule wa ngoma za jadi, ambamo manju hutanguliza maneno ya hekima na duara zima likapokea kwa miguu.

Kwa hiyo bendi hiyo iliijibu hotuba ya mwaka 1962 kwa njia ambayo huenda haikutazamiwa. Haikulitupa gita ili iishike ngoma. Ililifundisha gita kusema kama ngoma. Rumba iliingia Kariakoo kama mpangaji, ikajifunza Kiswahili, ikaoa, ikawa na wajukuu. Methali husema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila ya mji huu tangu zama za beni ilikuwa ni kupokea na kugeuza, na mwenye kuifuata mila hiyo hakuacha kitu.

Wakati huohuo serikali iliendelea kupambana na mambo yaliyohesabiwa kuwa kasumba. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwezi Novemba mwaka huo muziki wa soul ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Dansi ya Kiswahili haikuguswa na marufuku hiyo. Iliimba lugha ya taifa na ilisifu kazi na Uhuru pale ilipotakiwa. Wananchi walizipokea nyimbo za siasa kwa heshima, na zile za mapenzi na visa vya nyumbani kwa moyo wote. Wanamuziki walilifahamu hilo, wakaimba zote mbili.

Redio, Santuri na Haki ya Msanii

Chombo kilichoitoa NUTA Jazz Ilala na kuifikisha Songea na Bukoba kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 kwa majaribio, na hatimaye, mwaka 1965, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilialikwa katika studio zake, zikarekodiwa kwa malipo madogo ya mara moja, na kanda zikahifadhiwa. Hazina hiyo ya kanda ni miongoni mwa nyaraka kubwa za sauti zilizoachwa na karne ya 20 katika Afrika Mashariki. Laiti isingekuwapo, sehemu kubwa ya sanaa tunayoizungumzia ingalikufa pamoja na wenyewe.

Hata hivyo hapo ndipo penye doa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri; wenye kutaka santuri walitegemea makampuni ya Nairobi. Mwezi Februari 1964, vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, walitua New York kwa mara ya kwanza. Wao walikuwa na viwanda vya kuuza sauti yao kwa mamilioni ya nakala, na sheria ya kudai sehemu yao katika kila nakala. Msanii wa Ilala alikuwa na mshahara wa mwezi. Wimbo alioutunga uliweza kupigwa redioni mara mia, naye asione senti moja zaidi. Gita halikuwa lake, na jina la bendi halikuwa lake.

Hatusemi haya ili kuulaumu mpango wa wakati ule pasipo kuuelewa. Mshahara wa NUTA ulikuwa bora kuliko ahadi za vilabu, na ulimwezesha mwanamuziki kulea watoto. Lakini ni lazima wanafunzi waelewe kwamba kulipwa kwa ajili ya kazi na kumiliki matunda ya kazi ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba bendi ya chama kilichoundwa kutetea jasho la wafanyakazi haikulipata la pili. Baraza la Muziki la Taifa liliundwa mwaka 1974, lakini sheria iliyoweka chombo cha kukusanya mirabaha ya wasanii ilikuja mwaka 1999.

Mwaka wa Mfarakano

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi viliungana, kikazaliwa Chama cha Mapinduzi. NUTA ikatoa nafasi kwa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, JUWATA, na bendi ikabadili jina ipasavyo. Mwaka 1978 ikapata pigo. Ilianzishwa bendi mpya, Mlimani Park, chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, nayo ikawavuta wanamuziki mashuhuri, Gurumo na Bichuka wakiwa miongoni mwao. Baadaye bendi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mtindo wake ukaitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo.

Tazama basi mwenendo wa mambo. Wale walioondoka hawakwenda kutafuta jina Cuba wala Marekani. Walirudi tena katika ngoma za wenyeji wa mji. Ushindani wa Msondo na Sikinde uliurithi ule wa Marini na Arinoti, ukautawala mji kwa miaka mingi. Wengi walitazamia kwamba JUWATA Jazz itakufa. Haikufa. Ilifundisha waimbaji wapya, Gurumo mwenyewe akarudi baadaye, na vyama vya wafanyakazi vilipobadilika tena mwaka 1991 ikaitwa OTTU Jazz. Mwishowe ilipojitegemea ililiacha jina la mwajiri na kushika lile la mtindo wake: Msondo Ngoma.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Ngoma hii ilivuma tangu mwaka 1964, ikabadili majina manne, na haikupasuka. Sababu yake tumeiona. Dola iliipa vyombo, mishahara na redio. Mitaa ya Kariakoo na Ilala iliipa lugha, visa, mapigo na masikio yasiyodanganyika. Upande wa kwanza uliondoka pamoja na mabadiliko ya siasa. Upande wa pili ulibaki, na ndio ulioishika bendi isianguke.

Lakini wahenga walisema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Muhiddin Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya nusu karne ya kuimba. Alieleza hadharani kwamba miaka yote hiyo haikumpatia hata gari. Mwimbaji kijana, Diamond Platnumz, aliposikia hayo, alimzawadia gari. Mzee alifariki dunia tarehe 13 Aprili 2014. Tendo la kijana yule lilikuwa la heshima, na lilionyesha kwamba kizazi kipya chatambua kilikotoka. Lakini kutunzwa kwa hisani ya mtu mmoja si sawa na kulipwa haki yako.

Yatupasa basi, sisi walimu, tunapowafundisha vijana habari za Uhuru na ujenzi wa taifa, tuwasikilizishe pia muziki huu, tuwaulize: nani aliutunga, nani aliulipia, na nani alifaidika nao? Wengine watakuta jibu katika vitabu. Wengine watalikuta nyumbani, kwa babu au bibi aliyekuwapo ukumbini usiku ule, na ambaye hadi leo, gita la NUTA likianza kulia, huacha alichokishika na kusikiliza.